Herufi Tisa za Mwanahawa

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, wingu lilikuwa bado limeulalia mlima, na kijiwe cha Mosi muuza kahawa pale Mji Mpya kilishachangamka. Mzee Stambuli peke yake kikombe kilikuwa kinampoa mkononi. Binti yake Mwanvita, aliyeko Dar, alikuwa amejitolea kumlipia pleti ya jina, ile inayoandikwa jina ulitakalo badala ya tarakimu, akaifunge kwenye kile kigari chekundu cha michezo, cha mwaka sabini na nne, alichokifufua kwa miaka miwili mizima. Jina alilitaka moja tu: la mkewe. Mkewe hajakanyaga kigari hicho tangu kilipozima Mikese, akakisukuma na nguo zake za kwendea harusi ya watu, akaapa haingii tena. Na Stambuli, jamani, alimpenda yule mama! Ila maneno ya kumwambia hakuwa nayo, akaona pleti itamsemea. Kumbe wakala wa pleti kasema mwisho herufi saba, na jibu analitaka kabla ya saa sita.

— Mwanahawa ni herufi tisa, alisema Fransisko, mwalimu mstaafu wanayemwita Kamusi, baada ya kuhesabu kwa vidole mara mbili. Kata. Andika HAWA.

— Hawa! alidakia Kelvin wa bodaboda, ambaye kwa kupenda ubishi wamembatiza Wakili. Trafiki akitangaza kwenye redio, "nimekamata Hawa," mwenzake atauliza, hawa kina nani? Watasimamisha barabara nzima!

— Basi MWANA.

— Watu watasema mzee kamnunulia mwanawe gari.

— Toa irabu zote. Inabaki MWNHW.

— Hilo si jina, mwalimu. Hapo mtu kapaliwa na kashata.

Hata Stambuli alicheka, kisha akatazama saa, kicheko kikakatika.

— Sikilizeni, alisema Wakili, akasimama kabisa. Mbele tunaandika MWANA, nyuma HAWA. Gari ikija inaitwa Mwana, ikishapita inaitwa Hawa. Kamera ikikupiga kwa nyuma, faini wanamtafuta Hawa. Wewe ushakuwa Mwana, uko zako Mikese unakula mahindi!

— Na nikisimama?

— Ukisimama unakuwa wote wawili. Ndiyo maana nakushauri usisimame.

Mosi aliinamisha birika, akamiminia wawili watatu.

— Mimi naona HAWA muongeze KA mbele. KAHAWA. Herufi sita tu, na mimi napata tangazo.

— Toka hapa!

— Mnahangaika bure, alisema Kamusi. Mzee, rudisha kile kibao chako cheusi cha zamani, cha TZ. Askari wa siku hizi hawajawahi kukiona. Atadhani ni gari la mkoloni, akupigie saluti.

— Mkoloni gani, gari ya sabini na nne?

— Basi la mkuu wa mkoa wa zamani. Alitumwa safari, hajarudi.

Stambuli aliweka kikombe chini kwa kishindo.

— Nyie mnafanya mchezo! Mimi nataka yule mama akione kigari ajue...

— Ajue nini?

— Ajue tu.

Wakageuka wote kumtazama, maana mzee yule si mtu wa kupandisha sauti. Hapo ndipo walipomwona mwenyewe mwenye jina, kikapu cha sokoni mkononi, amesimama nyuma ya birika. Tangu lini yuko pale, Mungu ndiye ajuaye.

— Shikamoo, Mama Said, aliamkia Wakili, akawahi kusogea ampishe.

— Marahaba, mwanangu. Mwanvita kanipigia. Eti mnaligawana jina langu hapa kama nyama.

Mama akamgeukia mumewe.

— Baba Said, hebu nikuulize. Mara ya mwisho kuniita hilo jina ilikuwa lini?

Kamusi alichungulia kikombe chake kitupu. Wakili, mbishi wa mji, akajishughulisha na ufunguo wa bodaboda yake. Yeye mwenyewe jina la yule mama ndiyo kwanza alilisikia leo. Stambuli alirudi nyuma kichwani, mwaka kwa mwaka. Said, mtoto wao wa kwanza, ana miaka thelathini na minane, na toka siku alipozaliwa mkewe ni Mama Said. Kabla ya hapo ilikuwa "we sikia". Alikumbuka mara moja tu, mbele ya shehe, alipolitamka kukubali ndoa. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Jina alilotaka kuliandika dunia nzima isome, nyumbani kwake lilikuwa halijasikika.

Akasimama, akavua kofia.

— Mwanahawa.

Alilitamka mbele za watu, mchana kweupe.

— Abee, aliitika mkewe.

— Jumamosi twende Mlali tukatembee. Mimi na wewe. Kikizima nasukuma mimi.

Mama alijipangusa uso kwa pembe ya khanga. Halafu akanyoosha mkono, mumewe akampa simu, akampigia binti yao.

— Mwanvita? Waambie watoe namba za kawaida tu, za tarakimu. Jina langu baba yako ataniita kwa mdomo, na mimi nimekaa humo humo garini, ubavuni kwake.