Mama Mijusi, Mpimaji wa Miruko (1958–2025)

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mijusi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi cherehani na mkunga.

Akiwa darasa la tatu alimwona mjusi akiruka kutoka ukutani hadi kwenye pazia, akachukua futi ya baba na kupima. "Baba, karuka mara kumi ya urefu wake!" Baba akajibu, "Hongera zake. Lete futi, mteja kavaa suruali mguu mmoja."

Alipata shahada ya elimu ya wanyama mwaka 1981, na chuo kikuu kikamwajiri. Aliwapiga mijusi picha za kasi wakiruka, ajue miguu ya nyuma inasukuma kwa nguvu gani, mkia unafanya nini hewani, na vizazi vya mijusi wa mitini vilipataje kuruka mbali hivyo.

Tarehe 8 Agosti 1987 aliolewa na fundi seremala aliyekuja kurekebisha mlango wa maabara akakaa wiki mbili. Mlango wenyewe ulikuwa mmoja. Shemeji alimtengenezea ubao wa kurukia, akaupiga msasa na vanishi hadi ukang'aa. Kwa ubao huo marehemu aliandika makala iliyompa jina: mijusi wa mitini huruka mbali mara mbili ya wale wa ardhini.

Mwaka 1998, maombi yake ya uprofesa yakiwa mezani, aliona pichani kucha za mjusi wa ardhini zikiteleza kwenye ubao ule. Wa mitini wana nyayo za kunata, vanishi haikuwasumbua. Hakuna mwingine aliyejua. Siku tatu alizipitia picha zote upya, kisha akaandika barua ya kuifuta makala yake mwenyewe.

Shemeji alilia. "Mke wangu, nimekuponza."

"Wewe ulitengeneza ubao. Kuukagua ilikuwa kazi yangu. Kesho nitafutie wenye magome."

Alirudia miruko yote kwa miaka minne. Tofauti ilibaki, ila ndogo. Uprofesa aliupata mwaka 2007, na ile miaka tisa ilimuuma sana.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa moja asubuhi, mumewe amemshika mkono. Ameacha mume, binti wawili, mjukuu mmoja, wadogo zake wanne, na wanafunzi wengi aliowagombeza kwa upendo.

Rasimu ya wasifu huu aliisoma mwenyewe hospitalini. Habari ya 1998 tulikuwa tumeiacha, tukidhani itamwaibisha. Aliomba kalamu, akaandika pembeni: "Wekeni. Hiyo ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote."

Tumeweka, dada. Pumzika.