Nani Kaimwagilia Sakafu ya Breki

Kwenye kona, ubavuni mwa duka la Kinyozi, kuna benchi ambalo mguu wake wa nne ni tofali. Asubuhi hiyo Breki, dereva wa lori aliyestaafu kila kitu isipokuwa kucheka kama honi, alilijia akitembea kama aliyebeba trei ya mayai kichwani. Mgongo ulimkamata kesho yake tu baada ya fundi kumwaga zege gerejini kwake, na tangu hapo dunia yake ilikuwa kitanda. Mkewe alikuwa safarini kwa binti yao aliyejifungua. Fundi naye alikwisha kwenda kazi nyingine, akaacha amri moja: funika zege kwa magunia, mwagia maji asubuhi na jioni siku saba, la sivyo litapasuka. Sakafu mbili za kwanza zilipasuka kwa sababu Breki aliziingizia gari siku ya tatu, eti anazijaribu. Mkewe, mshonaji aliyeahidiwa gereji hiyo iwe chumba chake cha kushonea, akaapa: ya tatu ikipasuka, vyerehani vyangu vinahamia kwa dada yangu, na mimi navifuata.

— Nimeiona, alisema Breki akijishusha benchini kwa awamu. Magunia yamelowa chepechepe. Ufa hakuna, hata wa kupitisha uzi.

— Umeimwagia wewe? aliuliza Kinyozi, akifuta kioo kilichokuwa safi.

— Kugeuka ubavu nilishindwa, ndoo ningeibeba kwa meno?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Kamusi, mwalimu mstaafu anayezijua methali zote isipokuwa mahali pa kuziweka.

— Mwalimu, kuinama ndiko kulikonishinda.

— Ndiyo maana nakukumbusha.

Birika, muuza kahawa, alimjazia Breki kikombe.

— Huo ni umande, kaka.

— Umande wa kulowesha magunia kumi?

— Wa gerejini ni mzito. Haupati upepo.

— Wapi, alisema Kinyozi. Zege lenyewe linatoka jasho. Likikumbuka gari la huyu bwana, linalowa kwa hofu.

— Hamna elimu nyie, alisema Kamusi. Chini pale kuna mto wa kale. Umesikia juu kuna sakafu nzuri, ukapanda kuitazama. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Mto gani unapanda asubuhi na jioni, kwa saa? aliuliza Breki.

— Uliopita shuleni kwangu.

Breki akapiga honi yake, mgongo ukamkanya, akashika kiuno.

— Jana jioni niliusikia huo mto. Chwaa, taratibu. Nikaita, nani hapo? Mto ukakohoa.

— Hata mito hupata mafua, alisema Kinyozi.

— Basi uambieni. Siku ile ya kwanza nilikuwa nimelala napanga maneno ya kumwomba mama watoto asiondoke, na kila neno halitoshi. Niliposikia maji, nikalala usingizi. Uwe mto, uwe umande, uambieni Breki kasema asante.

Watatu wale wakatazama ndani ya vikombe vyao kama kuna kitu kimedondokea humo.

Ndipo mama watoto mwenyewe akatokea, begi begani, vumbi la safari usoni.

— Hamjambo, mashemeji. Baba watoto, pole na mgongo. Nimeanzia gerejini.

Breki akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

— Imeshika. Nimeipiga kisigino kila pembe, imeshika. Vyerehani naingiza wiki ijayo. Ila swali dogo, mashemeji. Mvua haijanyesha hapa. Mbona viatu vyenu, wote watatu, vina tope la saruji?

Kinyozi akavuta kandambili zake chini ya benchi. Birika akaanza kutikisa birika lililokwisha kuwa tupu. Kamusi, mwenye jozi moja tu ya viatu, ile anayoipaka rangi kila wiki, na sasa nyeupe mpaka kwenye kamba, alifungua mdomo, methali haikutoka.

Vikombe vyao vitatu vilikuwa vimewekwa chini, vitupu. Breki akachukua chake, ambacho hakijaguswa, akainama, polepole, mgongo ukimkataza, akawagawia kahawa yake: huku kidogo, huku kidogo, kwa Kamusi mpaka tone la mwisho.

— Umeona, alisema Kamusi. Umeinama.