Kabla Kitambaa Hakijaondolewa

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Chifu wetu, Mchungaji, Mkurugenzi wa kampuni ya Boma Salama Bwana Melvin Ochola na ujumbe wako kutoka Kitengela, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wafugaji wenzangu wa Bisil: hamjambo? Supai!

Mmeitikia vizuri, na kila anayeitikia ananiongezea aibu.

Ratiba inasema Mama Lorna wa duka la dawa za mifugo aondoe kitambaa, asome kibao, ahutubu, kisha akate utepe. Kitambaa nimeondoa. Kibao nimesoma, mkasikia wote: "Mifugo inalazwa hapa kwa hatari ya mwenyewe. Ahadi yoyote ya mdomo haitambuliwi." Ndugu zangu, hiyo ahadi ya mdomo ni ya nani? Ni nani aliyezunguka soko hili wiki nzima akiwaambia, kwa Kiswahili na kwa Kimaa, kwamba mnyama akipotea ndani ya boma hili kampuni italeta mwingine?

Ni mimi. Bwana Melvin, nakupongeza, maana uko na akili. Nilipokuuliza kama ahadi hiyo itaandikwa, ulicheka ukaniambia, "Mama, wewe ongea tu, watu wanakuamini. Mambo ya karatasi achia ofisi." Nikavimba kichwa. Sikujua ofisi ilikuwa inaandika kibao cha kunikana.

Jana jioni, boma lilipoanza kupokea mifugo hata kabla ya sherehe hii, Kakenya, mjane tunayemjua sote, alimleta mtamba wake wa pekee. Akaniuliza pale langoni, "Mama Lorna, ni ukweli?" Nikamwambia, "Enda ulale." Asubuhi mtamba hayuko, waya wa nyuma umekatwa. Ofisini akaambiwa angoje kibao kifunuliwe, ajisomee. Kakenya, nakuona hapo nyuma umesimama na kamba mkononi, na siwezi kukutazama usoni. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza kichwa chako, mwanangu.

Kwaya ilipokuwa ikiimba baada ya kibao kusomwa, nilimwinamia Bi Caren, wakili aliyekuja na Mheshimiwa, nikamwuliza: kibao kinashinda mdomo? Akanijibu, "Mama, inategemea kilionekana lini. Notisi inayofika baada ya watu kukubaliana imechelewa. Na ahadi ya mdomo pia ni mkataba, bora kuwe na shahidi."

Bwana Melvin, jana kibao kilikuwa chini ya kitambaa, na kitambaa mlikifunga nyinyi. Shahidi ndiye huyu anayeongea. Niiteni kortini Kajiado, nitakuja hata kwa miguu, na nitasema nilichosema na aliyenituma kukisema.

Lakini kesi huchukua muda, na mtamba wa Kakenya alikuwa karibu kuzaa. Kwa hivyo utepe sikati. Mkasi wenu nauacha hapa mezani. Wenye mifugo ndani, ingieni mchukue wenu, maana kuanzia sasa kibao mmekisikia na hamtaweza kusema hamkujua. Kakenya, jioni pita kwangu uchague mtamba unayempenda. Mimi na Bwana Melvin tutadaiana baadaye.

Mheshimiwa, nashukuru kwa kunivumilia. Na nyinyi watu wangu wa Bisil, asanteni kwa kunisikiliza leo, na mnisamehe kwamba mlinisikiliza pia wiki hii yote.