Gasketi ya Kopo la Maziwa

Kikao cha Dharura cha Wadau wa Ubadilishaji wa Gasketi na Bolti za Egzosi ya Msumeno wa Injini: ndivyo Mstaafu, aliyetumikia masjala miaka thelathini, alivyokibatiza kikao cha kijiweni asubuhi ile. Wajumbe watatu, birika moja la kahawa. Kigogo, mkata miti, alikuwa ameupakata msumeno wake kama mgonjwa. Bolti za egzosi zilikuwa zimelegea mpaka zikadondoka, na gasketi, kile kibati kinachokaa kati ya injini na bomba la moshi, ikaungua. Sasa amefunga bolti mpya na gasketi aliyoikata mwenyewe kwa bati la kopo, na msumeno hauwaki kabisa. Ng'ambo ya barabara, tawi nene kama pipa lilikuwa limelalia paa la shangazi yake, fundi cherehani. Ofisi husika ilishamwandikia Shangazi kwamba tawi limepokelewa na linafanyiwa kazi. Upepo wa mchana haukupewa nakala.

– Vuta tena, – alisema Betri, fundi redio.

– Nimevuta mpaka bega linataka talaka, – Kigogo akajibu.

– Basi umekaza bolti mno. Chuma kikibanwa kinanuna.

– Kinanuna? Kwani ni mkweo?

Mstaafu akaweka kikombe chini.

– Tatizo ni utaratibu. Injini imekaa na gasketi yake miaka saba, leo unailetea mgeni bila barua ya utambulisho!

– Mzee wangu, huu ni msumeno, si ofisi.

– Kila kinachogoma ni ofisi.

– Ngojeni, – Betri akadakia. – Hilo kopo lilikuwa la nini?

– La maziwa.

– Si ndiyo hayo! Injini imenusa maziwa, imerudi utotoni.

– Betri, wewe kahawa inakupanda kichwani. Vipimo mlishuhudia wote. Matundu ya bolti tumeyapima mara tatu.

– Kwa rula yangu, – alisema Mstaafu, – na nikayaidhinisha.

Upepo ukapita. Tawi likasaga bati, na Kigogo akaacha kucheka.

– Jamani, cherehani yake iko chini ya tawi palepale. Ndiyo iliyonisomesha ile.

Shangazi mwenyewe akavuka barabara, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

– Shikamoo, Shangazi.

– Marahaba, mwanangu. Umeshindwa?

– Tunaendelea na uchunguzi, – Mstaafu akamjibia.

Shangazi akaokota gasketi ya akiba, pacha wa ile iliyofungwa, akaiinua juani.

– Hivi vitundu viwili vya nini?

– Vya bolti, Shangazi.

– Na moshi unatokea wapi?

Mstaafu akachungulia ndani ya birika. Betri akagundua kwamba kamba ya kiatu chake imelegea.

– Mmeshona fulana isiyo na tundu la shingo, – alisema Shangazi, – halafu mnagombania vifungo. Nileteeni patasi.

Bolti zilifunguliwa, gasketi ikatobolewa katikati, ikarudishwa, bolti zikakazwa. Msumeno uliwaka mvuto wa pili. Kufikia adhuhuri tawi lilikuwa vipande sita uani, bati moja limebonyea, na Shangazi alikuwa amerudi kushona.