Josho la Ng'ombe na Kichwa cha Masalu

Mgeni rasmi, viongozi wa kata, wazee wetu, shikamooni.

UKARIBISHO

Sisi akina mama wa kitongoji cha Malambo, huku bondeni Ilemba, tunakukaribisha. Umeteremka mlima wote ule kutoka Sumbawanga kuja kutuzindulia josho. Pole na vumbi.

HISTORIA

Wengine wetu ni Wafipa, wengine tulikuja na ng'ombe kutoka Usukumani. Kwa wafugaji, ndama hulala ndani pamoja na watoto kwa sababu ya fisi. Ndivyo tulivyowakuta mama zetu. Hatukujua kwamba yale mabaka ya duara shingoni mwa ndama ndiyo mapunye ya kichwani mwa mtoto.

MAFANIKIO

Sasa tunajua. Bwana mifugo alituambia ugonjwa ni uleule: hutoka kwa ndama ukaingia kwa mtoto, kisha ukapita kwa mwenzake kwa wembe mmoja, kitana, kofia, hata kanga ya kujifunikia. Ndama tumewatenga. Kila mtoto ana wembe wake. Josho limekamilika na dawa yake imejaa stoo.

CHANGAMOTO

Hapa, mgeni rasmi, utuvumilie, maana lazima tumtaje Hellena Limbu.

Hellena ni mwenzetu. Mwanawe Masalu, wa darasa la pili, alienewa na mapunye kichwa kizima. Wenzake walimwita Ramani. "Ramani, hebu tuonyeshe Kigoma iko wapi!" Naye alicheka, akawaonyesha kwa kidole. Mwalimu akamrudisha nyumbani mpaka apone.

Zahanati Hellena alipewa mafuta ya kupaka. Alipaka mpaka yakaisha. Kupona, mtoto hakupona, maana mapunye ya kichwani huingia ndani ya unywele na mafuta hayafiki huko. Yanataka vidonge vya kumeza, wiki kwa wiki bila kuruka. Hayo tuliambiwa baadaye. Vidonge havikuwepo. "Njoo mwezi ujao, mama." Akaenda. "Bado, mama. Njoo mwezi ujao."

Ndipo Hellena akakumbuka maneno ya bwana mifugo. Nyumbani kulibaki chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Jirani yake Avelina alimkuta anaifungua.

"Mama Masalu, si ya ng'ombe hiyo?"

"Ugonjwa mmoja, dawa zitakuwaje mbili? Mbona ndama haijawaua?"

Avelina naye akaona ni kweli. Akamshikilia mtoto kichwa.

Kichwa kilikuwa na vidonda vya kujikuna, dawa ikapenya. Masalu akatokwa jasho na mate, akatetemeka, akasema haoni vizuri. Wakampakia kwenye pikipiki kukimbilia mjini. Katikati ya mlima, Hellena, aliyempakata, akamwambia dereva apunguze mwendo. Hapakuwa tena na haraka.

Wapo wanaosema alimwua mwanawe. Sisi hatusemi hivyo. Alifuata alichofundishwa, na mafundisho yaliishia njiani.

MAOMBI

Tunaomba vidonge vya mapunye vifike zahanati na visikatike. Mtoto aliyeanza dawa aruhusiwe darasani. Na hapa joshoni pabandikwe tangazo kubwa kwamba dawa hii isiguse ngozi ya mtu, na josho hili haliponyi mapunye hata ya ndama, linaua kupe.

La mwisho. Rhoda, mdogo wake Masalu, ana duara nyuma ya sikio. Juzi zahanati wamesema njoo mwezi ujao. Yuko pale mbele, mwenye kitambaa cha kijani, mapajani mwa mama yake. Hellena ametukataza tusikuombe umpe pole. Tunaomba tu, kabla hujakata utepe, umfungue Rhoda kitambaa, utazame.

Mungu akupandishe mlima salama, uwakute watoto wako wazima.

Imesomwa na Debora Mayunga, kwa niaba ya Kikundi cha Akina Mama Tushikane, Malambo.