Shuka la Heshima la Devkaran Malviya

Ndugu waombolezaji, mniwie radhi tangu sasa, kwani ukoo ulitafuta mtu wa kuisoma historia hii kwa staha, ukamkosa, ukaniangukia mimi Banshilal, kaka wa mjane, ambaye wengi wenu mmezoea kuniona jukwaani nikichekesha na masharubu ya manyoya ya mbuzi, basi nikiteleza mnivumilie.

Marehemu shemeji yangu Devkaran alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 hapa kijijini Semlya, akasoma hadi darasa la kumi, na tarehe 2 Juni 1989 akaajiriwa katika kiwanda cha nyuzi ng'ambo ya mto, kule ambako magogo huyeyushwa yakawa uji, uji ukatiwa dawa ya kuzuia moto, zikatoka nyuzi za mavazi ya wazima moto. Tarehe 5 Mei 1991 alimwoa dada yangu Sajjanbai, wakajaliwa Hukum na Lalita, na ile harufu ya mayai viza aliyorudi nayo kila jioni dada aliizoea, sisi wageni tuligombea kukaa dirishani.

Mwaka 2009, nyati wa maziwa wa majirani, wanaokunywa mtoni, walipoanza kuharibu mimba, marehemu hakudai kwamba anajua sababu, aliomba jambo moja tu, maji machafu yanayomwagwa na bomba la kiwanda yapimwe, ijulikane kama dawa ile inabaki kwenye nyuzi au inaoshwa ikaingia mtoni. Mhandisi akamwambia, "Devkaran bwana, kitambaa hiki kinaokoa watu motoni, wewe unataka kuokoa vyura?" naye akajibu, "Vyura hawana chama cha wafanyakazi, mheshimiwa, wamenituma mimi." Watu wakacheka, na maji hayajapimwa hadi leo.

Mwaka 2016 miguu yake ilianza kufa ganzi, mikono ikatetemeka hata chai ikamwagika kabla haijafika mdomoni, daktari mmoja akasema ni mvuke wa kiwandani, mwingine akasema ni uzee, na mgonjwa hajatimiza hata hamsini. Alituusia, "Nikifa nivikeni pamba tupu, kitambaa kile kisifuate majivu yangu mtoni." Alifariki tarehe 3 Februari 2023, nyumbani kwake, saa nane mchana.

Wenzake wa kiwandani walikuja na shuka jipya la nyuzi zao wakamfunika, kama ilivyo desturi yetu kwa kila rafiki, na desturi hiyohiyo inataka mashuka ya juu yaondolewe kabla kuni hazijawashwa. Mchoma maiti alinyoosha mkono aliondoe, akaambiwa, "Liache, mzee, hiyo ndiyo heshima ya kazi yake." Moto ukala kuni, ukala mwili, shuka likabaki magamba meusi, na siku ya tatu Hukum akayazoa pamoja na majivu ya baba yake, akayamimina mtoni kwa mikono miwili.

Tunawashukuru madaktari wa wilaya, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake, ambao walileta walichokuwa nacho. Lala salama, shemeji, pale pasipo harufu. Na nyinyi mnaonong'ona tangu siku ile, ni mjinga gani aliyemzuia mchoma maiti, msihangaike kumtafuta, ndiye huyu mliyempa karatasi asome.