Dkt. Nenita Gumban, Mwalimu Aliyejifunza Kunyamaza

Tarehe 31 Mei Dkt. Nenita Gumban anastaafu, baada ya kufundisha fiziolojia katika chuo chetu cha udaktari hapa Iloilo kwa miaka thelathini na minne. Taarifa ilipofika idarani tulipigwa na butwaa, ingawa umri wake sote tunaujua. Lakini mama huyu hajaacha kutushtua tangu aje.

Zamani alikuwa mhadhiri wa kupigiwa makofi. Somo la tindikali katika damu, linalowatoa jasho wanafunzi, alilieleza kwa chaki za rangi mpaka ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Kisha mtihani ukaja, na zaidi ya nusu ya darasa wakaanguka. Alinijia ofisini amepauka, mwanafunzi wake Liezl Palmares nyuma yake.

“Mwambie na huyu ulichoniambia,” alimwamuru.

“Dokta, ulikuwa unaelewa wewe,” Liezl alisema, macho chini. “Sisi tulikuwa tunatazama tu.”

Dkt. Gumban alichomoa chaki zake za rangi mfukoni. Aliziacha mezani kwangu, akatoka.

Jumatatu iliyofuata nilisikia kelele darasani kwake, nikadhani wanafunzi wanapigana. Nilikimbia. Nikawakuta wamegawanyika makundi, kila kundi na maelezo ya mgonjwa wake. Kila mmoja alitakiwa kujibu peke yake kwanza, kisha kundi likubaliane jibu moja na kulitetea mbele ya wengine.

“Unakariri tu! Hebu nieleze kama mimi ni bibi yako!” msichana mmoja alimfokea mwenzake.

Dkt. Gumban alikuwa pembeni, anatafuna biskocho, ule mkate mkavu wenye sukari.

“Nenita, siku hizi unalipwa kwa kula?” nilimuuliza.

“Nalipwa kwa kunyamaza, Efren. Hujui inavyouma.”

Mkuu wa kitivo alimpa muhula mmoja: matokeo yakishuka, aondoke idarani. Yalipanda mno, hata mkuu akashuku mtihani umeibwa. Aliwaita wanafunzi mmoja mmoja wamweleze majibu yao kwa mdomo, akatoka mle chumbani ameduwaa. Muhula uliofuata masomo mengine magumu yakafundishwa hivyo hivyo, langu likiwemo.

La mwaka jana ndilo lililotuzidi. Baada ya mafuriko ya mtaa wa Jaro, Dkt. Gumban mwenyewe aliletwa hospitali akihema kama aliyekimbizwa. Madaktari vijana watatu, wote wanafunzi wake wa zamani, walikizunguka kitanda. Mmoja alisema nimonia, mwingine moyo. Wa tatu, Liezl, alikataa katakata: mapafu ni safi, sasa anahema kwa nini? Wakavutana mpaka mumewe, Rodolfo, akalipuka.

“Mke wangu anakufa, nyinyi mnabishana?”

Dkt. Gumban alisogeza barakoa ya oksijeni. “Waache, Dolfo. Usiwakatize.”

Nilikuwa mlangoni. Vipimo vya damu vikaja, nao wakakubaliana: homa ya mgunda, ile ya mkojo wa panya, imeziangusha figo, na damu imejaa tindikali, ndiyo maana anahema. Akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara moja. Aliporudi darasani, amekonda, wanafunzi walishindwa kubishana kwa kulia.

Dkt. Gumban, idara nzima inakushukuru. Rodolfo ametuomba tusikuite tena kazini, nasi tumekubali shingo upande. Tunakuombea siku ndefu zenye raha. Nenda kapumzike, mama, ukiwa mzima.